Klape ya Shemine na Mama Mukwe Wangu

Beye batoto ya Kamina munanichekesha. Mwezi ya sita inafika, baridi ya kipwa, miezi ya bila mvua, inashuka, bantu banavaa makoti mbili mbili, banatetemeka sawa kuku yenye kunyonyolewa manyoya, na pale pale mu salon iko shemine ya zamani ya matofari, fasi ya kuwasha moto mu ukuta, muzima kabisa. Na mumeweka nini ndani? Televizio. Ku nyumba moja nilikuta viatu. Ku ingine nilikuta kuku eko analalia mayai, na hakufurahi kuniona. Nikauliza kijana mwenye nyumba: "Na klape yake iko namna gani?" Akaniangalia sawa nimetoka ku mwezi. "Papa, klape ni nini?"

Bon. Ikaeni chini. Nilitengeneza shemine na mafuru, tanuru ya mikate, karibu miaka makumi tatu, sasa magoti imekataa kupanda ku malata, juu ya nyumba, nimebakia na mudomo tu. Masomo yangu iliishia mwaka ya pili ya secondaire, siku mwalimu aliniuliza x iko wapi na nikamujibu kama minyi sikuichukua. Kwa hiyo musingojee Kifransa mingi. Lakini klape naijua. Ilibakia kidogo iue mama mukwe wangu, mu ile miaka ya vita, na muntu mwenye kuifunga ilikuwa minyi, na mikono yangu hii mbili. Njo habari nataka kubaambia, juu beko benye kusema makala haina moshi, basi haina neno. Na minyi nilisema vile.

Mbele mujue kile kintu yenyewe. Klape ni kipande ya chuma, upana sawa sinia, inakaa mu koo ya shemine, juu kidogo ya fasi ya moto. Iko na mukono yake ya chuma yenye kushuka mpaka fasi unaweza kuifikia. Ukiifungua, moshi inapanda, inaenda kwake. Ukiifunga wakati hakuna moto, baridi haishuke, mvua haishuke, na popo banatafuta nyumba ingine. Ni mulango ya moshi, si kintu ingine. Bazungu ya reli balijenga zile nyumba na bakaweka mulango ya moshi, kiisha bakaenda, na hakuna mwenye kutuachia maelezo.

Mwenye kunifundisha alikuwa Papa Ngoie, masoni muzee, nyushi moja tu. Ingine iliungua ku furu ya mikate na haikuota tena, na ku ile upande alikuwa anaonekana sawa muntu mwenye kushangaa kila wakati. Siku ya kwanza aliniambia niwashe moto mu shemine ya nyumba moja karibu na gare ya treni. Nikapanga kuni, nikamwanga petroli, nikawasha, nikasimama na mikono ku kiuno sawa shefu. Moshi ikapanda, ikafika mu koo, ikageuka, ikarudia kwangu. Mu dakika mbili hatukuonana tena.

Mu ile giza nikasikia sauti yake: "Mutoto, ulifungua klape?"

"Papa, sijue."

"Haujue. Na ukienda ku choo, unajua kama mulango ya choo iko wazi ao haujue?"

Akanipiga na mwiko yake ya simenti ku kisogo, pole pole, sawa muntu anajaribu kama tikiti maji imeiva. Kiisha akanifundisha. Unainama, unaingiza kichwa, unaangalia juu. Ukiona mwanga ya mbingu, klape iko wazi. Ukiona giza, haujafungua, ao ndege amejenga. Unachukua gazeti, unaiviringisha, unaiwasha, unaishika pale mu koo. Ule moto ukilala kuelekea juu, shemine inapumua. Ukirudia kwako, iko baridi ndani, ngojea, washa gazeti ingine, pasha koo moto mbele ya kuweka kuni. Na moto ikiisha kushika muzuri, unaweza kufunga klape nusu, juu kuni isiende haraka na joto yote isipande kwa malaika, bale hawana baridi.

Kufunga kabisa? Papa Ngoie alikuwa anasema kitu moja na hakuna siku aliibadilisha: "Utaweka mukono mu majivu. Ukiweza kuacha mukono mu majivu na kuhesabu mpaka makumi mbili, funga. Ukitoa mukono, acha klape wazi." Na tena alikuwa anasema: "Kuni ikikasirika inakukohoza, unakimbia. Makala inakasirika na kunyamaza. Usifunge juu ya makala, hata mufalme akikuomba." Nilisikia vizuri. Nilisema ndiyo, Papa. Minyi ni mwanafunzi mwenye kusema ndiyo haraka sana.

Makosa yangu ya kwanza ya fundi mukubwa ilikuwa kwa Muzee Saidi, mufanyabiashara wa vitenge na chumvi, bankambo yake balitoka Maniema zamani. Klape yake ilikuwa na kutu, nikaitoa, nikaisugua, nikairudisha muzuri sana. Lakini mukono niliiweka kinyume. Kuvuta ikawa kufunga, kusukuma ikawa kufungua, na minyi nilimuelezea sawa zamani: "Vuta, Muzee, njo itafunguka." Ikafika Idi. Bageni beko mu salon, makanzu nyeupe sawa unga. Ilikuwa asubui ya baridi, Muzee akawasha, akavuta. Alinitumia muntu. Nikakuta bantu kumi na mbili mu lupango, pale uani, makanzu rangi ya paka ya jikoni, banakohoa na bado banasalimiana kwa heshima.

"Fundi," akaniambia pole pole, "nilikuita utengeneze moto. Sikukuita kutukausha sawa samaki ya Mulongo."

Toka ile siku nilianza kuchonga alama mu tofari na musumari: pale mukono inasimama wakati klape iko wazi, musalaba moja. Kwa Muzee Saidi nilichonga nyota, juu ya adabu. Na beye mufanye vile. Usimuamini fundi mwenye kusema "vuta njo inafunguka." Ingiza kichwa, angalia mbingu.

Vita ikakuya. Bantu ya nyumba za muzuri bakakimbia, baaskari bakaingia, ba huku na ba mbali, kila jeshi na luga yake. Baaskari na shemine, ni habari ya kuchekesha na kulia. Balichoma viti, kiisha milango, kiisha parke, mbao ya chini. Siku moja bakaniita juu moshi haitoke, komanda eko anakasirika. Nikaingiza mukono juu ya klape, nikavuta kwa nguvu, chupa tatu ya pombe ikaniangukia ku kichwa. Ni komanda mwenyewe alizificha kule, baaskari yake basizione. Baaskari bakaangalia chupa. Bakaangalia komanda. Komanda akaniangalia minyi. Nikasema: "Ah, hii ni bazungu ya zamani balisahau." Nilitoka pale muzima na sabuni mbili, na toka ile siku najua kama kusema uongo haraka nayo ni kazi ya mikono.

Sasa mama mukwe.

Mama Numbi, mama ya bibi yangu, alikimbia vita kutoka upande ya Mulongo. Alifika na mitumbwi, kiisha miguu, kiisha juu ya mizigo ya baskeli, na taabu yote ya njia haikumutoa sauti. Tulikuwa tunakaa mu nyumba moja ya zamani ya reli, bibi yangu Bea, minyi, na batoto. Fasi moja tu yenye mulango ya kufunga muzuri ilikuwa ile salon ndogo yenye shemine. Tukamupa.

Mujue buko yetu ya Baluba, juu mu mji batoto beko banaisahau. Mwanaume haingie mu chumba yenye mama mukwe analala. Hamuguse. Hakule mbele yake. Akikutana naye mu njia, anatoka mu njia. Sasa weka bale bantu mbili mu nyumba moja, miezi saba. Nilikuwa nazunguka nyumba yangu mwenyewe kwa nje sawa mwizi, juu ya kuenda kuchukua nyundo. Na mama mukwe, juu haseme na minyi uso kwa uso, alikuwa anasema na ukuta, na minyi alikuwa ananiita muko, ni kusema mukwe wake.

"Bea," alikuwa anasema, na Bea haiko, eko ku mto, minyi tu njo niko nyuma ya ukuta, na anajua, "Bea, uambie muko wangu kama hii nyumba yake iko na tundu mu ukuta. Nawasha makala yangu, joto inapanda mu ile tundu, inaenda kupasha kunguru. Banasema eko fundi ya matundu. Basi azibe tundu moja."

Minyi nyuma ya ukuta: "Bea, uambie mama kama ile haiko tundu, ni shemine."

"Bea, uambie muko kama nalala na baridi ndani ya shemine yake."

Wiki mbili vile. Alikuwa anaweka mbabula yake, jiko ya makala, ndani ya shemine, na kweli joto ilikuwa inapanda. Nilijua nini ya kufanya: kutafuta kuni, kufunga klape nusu, kutengeneza vioo ya dirisha. Lakini kuni ilikuwa mbali, na kule mu pori baaskari balikuwa banaokota bantu pamoja na kuni yao. Vioo hakukuwa. Dirisha yake niliiziba na makartoni. Chini ya mulango alisukuma kikwembe, kitenge yake ya zamani. Na minyi, nisiseme uongo, nilichoka kuitwa fundi ya matundu mu lupango yangu. Nilitaka siku moja aseme ku ukuta kintu muzuri.

Ikafika siku ya mungu, Jumapili. Mama mukwe na Bea bakaenda ku misa. Chumba iko bule, hakuna muntu, buko hainikataze. Nikaingia na viatu ku mukono, nikasukuma klape mpaka ikajifunga. Ilikuwa imelegea kidogo, inafunguka yenyewe, basi nikaifunga na waya, mara tatu, muzuri sana. Kichwani sauti ya Papa Ngoie ikaanza kuhesabu. Nikamuambia anyamaze. Nikasema: makala haina moshi. Ni wapi moshi? Hakuna moshi. Kile hakuna, haihitaji mulango.

Balirudia. Bea akawasha mbabula mu lupango, makala ikawa nyekundu, akaipeleka mu chumba, akachukua ndoo akaenda kuchota maji. Mama mukwe akafunga mulango, akasukuma kikwembe yake, akalala kidogo juu ya kupumuzika misa. Mbele ya kulala nikamusikia ku ukuta: "Bea, uambie muko leo chumba iko joto. Eko fundi kweli." Niliikaa mu jua, nilicheka peke yangu sawa mupumbavu.

Niliendelea kunoa mwiko yangu. Saa moja ikapita, labda kidogo zaidi. Kiisha nikasikia kintu moja: hakuna kitu. Mama mukwe wangu, muchana, kunyamaza. Analala na kukoroma, anaamuka na kulalamika, katikati hakuna fasi ya kimya. Nikasema ku ukuta: "Bea, uulize mama kama anaendelea muzuri." Hakuna jibu. Nikasema: "Mama." Nikapiga ukuta. "Mama Numbi." Kimya.

Pumzi ya makala ilimushika. Nilijua. Kila kintu yenye Papa Ngoie aliniambia ikarudia mara moja, na mwiko yake pia.

Sasa musikie namna muntu eko mupumbavu. Mulango ilikuwa pale, hatua kumi. Na minyi nikakimbia kuchukua eshele, ngazi ya mbao, nikapanda ku malata. Juu buko, bana yangu, ilikuwa imekaa mu miguu yangu kupita akili. Nikajiambia: nitafungua klape kutoka juu, nitasukuma na chuma, sitaingia kwake. Nikaweka uso juu ya mudomo ya shemine. Shemine yenye moto chini, juu yake unasikia joto ku macho. Ile ilikuwa baridi sawa sufuria ya jana. Hata pumzi haikuwa inatoka. Nilikuwa nimefanya kazi muzuri kabisa.

Nikashusha chuma ndefu, nikasukuma. Waya ikakataa. Nikasukuma tena, na nguvu yote, masizi ikanirukia mu kinywa. Mara tatu nilizungusha ile waya, na mikono yangu ni mikono ya fundi.

Pale juu nilifikiri kidogo, labda kwa mara ya kwanza ile siku. Nikashuka bila kungojea eshele, nikaruka, nikaangukia mu bustani ya nyanya ya Bea. Nikasukuma mulango na bega. Na mujue, niliingia na macho ya kufunga. Mwanamuke eko anakufwa, na minyi nafunga macho juu ya heshima. Nikagonga mbabula na muguu, makala ikamwangika, nikaungua kidole, njo macho ikafunguka. Alikuwa analala ku matela, godoro yake, kikwembe mpaka ku shingo, mudomo wazi, hajisikie. Kichwa yangu ikaanza kuzunguka nayo. Nikavunja makartoni ya dirisha na ngumi. Kumugusa sikuweza, mikono ilikataa. Nikashika matela kwa kona mbili, nikaikokota pamoja na yeye, kupita mulango, kupita baranda, paf, paf, ku ngazi mbili ya simenti, mpaka mu majani.

Njo pale Bea akafika na ndoo ku kichwa. Akakuta bwana yake, mweusi na masizi, nyanya ku matako, anakokota mama yake mu lupango sawa gunia ya mihogo.

"Papa Ilunga," akasema, "unafanya nini na mama yangu?"

"Mwangia maji," nikasema. "Mugeuze, musimamishe kichwa. Weye unaweza kumugusa."

Akamwanga ndoo yote. Tukangojea. Sijui kama ilikuwa dakika moja ao kumi, na minyi nilikuwa napiga magoti pembeni, mbali kidogo, na sikuweza kuomba, juu nilikuwa nahesabu mpaka makumi mbili na kuanzia tena. Kiisha akakohoa. Akatapika. Akafungua macho, akaniona, akavuta kikwembe juu ya uso. Buko yake ilirudia mbele ya pumzi yake.

Kichwa ilimuuma siku tatu. Siku ya ine bajomba yake, bakimbizi nabo, bakakuya kunikatia shauri: mukwe aliingia mu chumba ya mama mukwe. Nilikuwa tayari. Lakini bakaangalia kidole yangu ya kuungua, bakaulizana, na mukubwa yao akasema: "Huyu alimutoa mu kifo. Atalipa nini? Sisi njo tutamupa kuku." Bakanipa kuku. Na bantu ya quartier bakaanza kunisalimia: "Fundi, weye ni mwanaume." Bakasema shemine ilikuwa na ndoki, mulozi, na minyi nilimushinda.

Ile kuku niliila. Ilikuwa na nyama mingi. 

Wiki moja nilikuwa shujaa. Tayari nilikata waya, nilifungua klape, na nilikata kona yake na sizo, patasi ya chuma, fasi ya vidole tatu, hata ukiifunga pumzi ibakie. Klape yote niliweka kiisha pale mu Kamina iko na kona ya kukatwa. Muntu akiniuliza, nilikuwa najibu ni modeli mupya. Lakini sikumuambia muntu sababu.

Asubui moja nikaenda ku ukuta. Bea haikuwa.

"Bea," nikasema, "uambie mama kama ile klape haikufungwa na ndoki. Ni minyi niliifunga, na waya, na nilijua haifai. Nilitaka mama anisifu."

Nikaweka sikio ku ukuta. 

"Acha Bea," akasema. Ile ilikuwa mara ya kwanza kusema na minyi mwenyewe. "Nilijua ni weye. Nilitoka ku misa, nikakuta masizi mupya ku chini na alama ya miguu bila viatu. Nilifurahi juu nilikuwa na baridi. Minyi nilijua baridi tu, muko. Weye njo ulijua klape."

Nikaegemeza kichwa ku ukuta. 

"Ingia," akasema.

"Mama, buko."

"Ni buko njo ilitaka kuniua, hapana shemine. Ingia unionyeshe ile chuma."

Nikaingia, viatu ku mukono, macho ku miguu yangu. Alikuwa amesimama karibu na shemine, ananigeuzia mugongo. Nikamuonyesha na fimbo, mbali, juu nisimukaribie: mukono iko hapa, musalaba hapa, pale iko wazi. Akaweka mukono yake, akafunga. Akafungua. Akafunga. Akafungua. Akainama, muzee ule na mugongo ya kuuma, akaingiza kichwa mu shemine, akaangalia mbingu muda murefu.

"Bon," akasema kule ndani. "Sasa toka kwangu."